Majani ya Paa la Mama

Jumatatu, 7 Julai

Asubuhi kilimani tena. Umande kidogo sana. Nimeshika suke la majani, nimelisugua mukononi: bado. Mbegu ni mbichi, hazitaki kuachia. Zamani siku kama hizi mbegu zilikuwa zimekwisha kuanguka. Mvua ya mwezi wa tatu ilikosa, ikaja nyuma, majani yakachelewa. Kwa jirani Salumu yamekuwa mafupi, ya kufagilia tu. Kilima chetu peke yake ndicho bado kina majani ya kufunika mutu mwenye kusimama.

Paa la mama linataka majani marefu. Mafupi yanavuja. Tangu paa lianguke, mama iko Kasongo kwa mudogo wetu Feza, na kila akipiga simu anauliza atarudi lini hapa Lusangi. Nimemwambia: mbele ya mvua kuanza.

Jumatano, 9 Julai

Nimeongea na Sadiki, ndugu yangu mudogo. Tangu baba afariki, kilima kiko mukononi mwake. Kwetu tunafunga tawi bichi njiani. Tawi likiwa pale, hakuna anayekata, hakuna anayewasha moto. Mwenye kilima akilitoa, watu wanakata, halafu wanachoma na kuwinda. Kila mwaka linatoka katikati ya mwezi huu. Nimemuomba safari hii asilitoe mpaka mbegu zianguke. Kwa Salumu walichoma mbele ya mbegu kuanguka, sasa kumejaa vichaka.

"Sawa, yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mukubwa. "Ni nyumba ya mama. Mimi naweza kuiharibu?"

Nimemupikia bugali na sombe ya muhogo. Amekula vizuri. Nimelala bila wasiwasi.

Ijumaa, 11 Julai

Watu wananung'unika. Simbiliki, wale panya wakubwa wa majani, wamekimbia vilima vifupi, wote wamejaa kwetu. Wanaume wanatazama kilima kama sufuria iko jikoni. Sadiki amewafukuza mbele ya macho yangu. Nimejisikia fahari. Baba angemuona.

Jumapili, 13 Julai

Sadiki amenitoa kanisani, sala haijakwisha. Eti Feza amepiga simu, mama ni mugonjwa sana, ananiita. Amenitafutia motari wa kunibeba yeye mwenyewe, ameufunga mufuko wangu nyuma ya pikipiki. Njia mbaya, mavumbi mpaka kwenye meno. Nimelia njia nzima.

Naandika hapa Kasongo. Mama iko uwanjani, anabambua karanga. Haumwi kitu. Feza anasema hakupigia mutu simu. Nimemupigia Sadiki, simu yake imefungwa. Mama amecheka, amesema huyu mutoto anapenda kuhangaika. Nami nimecheka. Anafurahi nimekuja. Nitabaki kidogo.

Jumanne, 15 Julai

Motari ameleta kifurushi, kimetoka kwa Sadiki. Simbiliki wa kukaushwa kwa moshi. Kifua ni cha mama, muguu ni wangu mimi yaya, kama desturi inavyotaka. Feza amepika na mawese. Mama amemubariki Sadiki mara na mara. Tamu sana. Nimelamba vidole.

Wakati wa kuosha sahani nimejiuliza: amewinda wapi?

Jumatano, 16 Julai

Nimerudi. Kilima ni cheusi. Chote.

Tawi liko kando ya njia, halikuungua. Sadiki alilitoa polepole, akaliegemeza kwenye jiwe. Muke wa Salumu amenieleza: walianza Jumapili, pikipiki yangu haijavuka hata muto. Alinitoa njiani. Kwa jina la mama yetu alinitoa.

Nimekula paa la mama. Na vidole nimelamba.

Ijumaa, 18 Julai

Sadiki amekuja. Hakukana. Anasema wanaume wangewasha kwa siri, afadhali awashe yeye, tupate sehemu yetu. Kana kwamba nilimuomba sehemu.

"Majani itaota, yaya. Sikuzote inaota."

Iliota wakati mvua ilikuwa inakuja kwa siku yake. Iliota wakati mbegu zilikuwa zimekwisha kulala chini. Hayo nilimueleza Jumatano ile, akaitika, akala bugali yangu.

Nimemwambia asikanyage tena uwanja wangu. Namuchukia leo, sina haya kuandika. Huyu nilimubeba mugongoni. Baba alimuachia tawi yeye kwa sababu mimi ni mwanamuke. Sikusema kitu siku ile. Ningesema.

Jumamosi, 2 Agosti

Sina nguvu ya kuandika. Jivu linaingia mpaka kwenye maji ya kunywa.

Alhamisi, 21 Agosti

Mvua imeanza tangu wiki mbili, mapema mno. Ilikosa tulipoihitaji, sasa inakimbia. Imeosha jivu lote, imelipeleka kijitoni. Kilimani yameota majani mapana ya vichaka, yaleyale ya kwa Salumu. Ya kuezekea, sikuona hata moja. Ndani ya nyumba ya mama maji yamesimama kwenye shimo la jiko.

Pembeni ya kijito, pale moto ulishindwa na matope, yamebaki machache. Marefu. Yana mbegu.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya sala nimeshuka kijitoni. Mbegu sasa zinaachia zenyewe, kwa kuguswa tu. Nimezikusanya kwenye kitenge, nimepanda kilima, nimezirusha kati ya vichaka. Hazitoshi. Nimerusha hivyohivyo.

Sadiki alikuwa chini, amesimama. Sikumwita. Sikumufukuza. Wakati wa kushuka nimekata tawi bichi, nimelifunga njiani mimi mwenyewe, na yeye anatazama.

Jioni mama amepiga simu, anauliza nyumba. Nimesema mvua imetutangulia, akae kwa Feza mpaka kiangazi kingine. Halafu akauliza Sadiki atatuma lini tena ile nyama tamu.

Nimesema simbiliki wamehama. Akasema nimusalimie.