Kikombe cha Mbuyi

Kambi ya wakimbizi, Elisabethville
tarehe 11 Machi 1962

Dada mupendwa, yaya Hortense, huko Kambove,

Unisamehe kwanza. Miezi mitatu bila barua, na najua unauliza kila muntu anayetoka huku kama mudogo wako angali na mikono. Mikono ninayo, maneno ndiyo yalikosa. Je, uko muzima? Shemeji Kapya na kifua chake? Na mama anayekaa kwako, miguu inamubeba? Sisi tuko hivi-hivi. Bwana yangu Clément iko, lakini ameacha kusema. Nyumba yetu ya cité, bantu bengine banakaa ndani, kwa sababu sisi ni ba Kasai na tulifukuzwa, na yeye hataki hata kupita barabara ile.

Habari ya Mbuyi, Désiré wa gari la moshi alikufikishia: ameenda kuchota mayi. Surua ilimuchukua mwezi wa kumi na mbili. Tulifanya kama mama alivyotufundisha. Kwa mapasa, batoto bawili ba tumbo moja, hatusemi neno lile lingine, wala hatulii, Kabanga aliyebaki asisikie akamufuata mwenzake. Nilimuzika mutoto wangu na macho makavu, yaya.

Basi mbili ikabaki mbili. Unakumbuka mwalimu wetu alivyopiga ubao: mbili inakatika katikati, hakuna kinachobaki, hakuna anayeonewa. Mama alijua ile bila shule. Ukimupa Mbuyi, umupe Kabanga. Ukisalimia, salimia mara mbili. Nikaendelea hivyo. Hapa banatoa kikombe kimoja cha maziwa kwa kila mutoto wanayemuona. Cha Kabanga nilikata katikati: nusu alikunywa, nusu ya Mbuyi nilimwaga chini ya nguzo ya hema. Mama Germaine, jirani yangu wa Mitwaba, alinitania kwamba nguzo yangu itanenepa kabla ya mutoto. Nikamujibu asiyezaa mapasa afunge kinywa. Tulicheka sote.

Lakini alisema kweli. Mukono wa Kabanga sasa nauzungushia vidole viwili na nafasi inabaki. Nywele zimekuwa nyekundu. Juma lililopita masera, mutawa wa lopitalo ya kambi, alimupima, akauliza maziwa yanaenda wapi. Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nina mutoto mwingine wa kupoteza.

Siku ile nikamupa kikombe kizima. Alikunywa mpaka nusu, akakisukuma pale Mbuyi alipokuwa anakaa. Nilimubembeleza, nilimutisha, hata nilimuziba pua kama tunavyofanya kwa dawa. Akatema. Ana miaka mitatu, na ni mimi nilimufundisha kugawanya. Siku ya pili vilevile. Ya tatu hakuweza kusimama.

Nakuungamia wewe, kabla mama hajasikia kwa bantu. Nilimupakata nikamwambia neno lile. Nilimwambia Mbuyi amekufa, hachoti mayi yoyote, harudi, hanywi tena. Halafu nikalia kwa sauti mbele yake, kilio changu chote tangu mwezi wa kumi na mbili. Mama Germaine alikimbia nje na mikono juu ya kichwa. Kabanga alinitazama mpaka nikanyamaza. Kisha akavuta kikombe akakunywa yote.

Labda neno lile litamuita. Sijui, nashika kifua chake mara kwa mara nisikie kama kinapumua. Lakini njaa nilikuwa naiona kwa macho. Nimefanya, yaya, na siombi ruhusa. Umwambie mama polepole, akiwa ameshakula. Kama atanilaani, angojee kwanza mutoto apate nguvu.

Unisalimie shemeji, na Madeleine na wadogo zake. Désiré atapita kwako siku ya posho. Umupe: maziwa ya unga, kopo moja, samaki ya ndagala, uzisage kabisa, sabuni, chumvi kidogo, na shati nzito ya baridi, ya mutoto wa miaka mitatu. Moja, yaya. Usishone ya pili.

Mudogo wako,
Léonie