Waulize Mara ya Tatu

Norby, Iowa
6 Mei

Wifi yangu Ardis,

Nakusalimu kutoka matopeni. Theluji imekwisha, na sasa kila kiatu cha mji huu kina uzito wa matofali. Goti lako jipya lasemaje? Binti yako ameniambia kwamba huko Tucson unatembea mpaka kwenye sanduku la barua bila mkongojo. Nimemwonya asikusifu mbele yako, usije ukaanza kukimbia. Mimi ni mzima. Paa la nyumba ya kaka yako linavuja palepale lilipokuwa likivuja alipokuwa hai. Sijaliziba, maana nikiliziba nitakosa cha kumlaumu marehemu.

Nakuandikia juu ya Delaney, mtoto uliyeniachia ulipohama. Gwen, msimamizi wetu, amenipa ruhusa ya kukushauri, kwa kuwa kiapo chako cha mtetezi wa watoto mahakamani bado kinakufunga mdomo. Unajua kwamba wakati wa baridi mahakama ilimwondolea mama yake haki ya kumlea. Sasa anatafutiwa watu wa kumwasili, awe mtoto wao kabisa. Wamepatikana mume na mke vijana huko Des Moines. Wamekwisha kumtembelea, na chumba chake wamekipaka rangi ya manjano. Si watu wabaya. Laiti wangekuwa wabaya, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Delaney mwenyewe, miaka tisa na ulimi wa miaka arobaini, anaendelea vizuri kwa wale walezi wake wa muda, Verna na Orville Tjaden. Kuku wake alitaga ndani ya kiatu cha Orville. Orville alikiangalia kiatu, akaenda akavaa vya kanisani, na kwa muda wote kuku alipoatamia alikamua ng'ombe katika viatu hivyo vya kanisani.

Nilidhani watu wa namna hiyo watamtaka mtoto. Nikamwuliza Verna waziwazi, nyumbani kwake, kama wangependa kumwasili wao. Akajibu, "Ah, hatungependa kumzuia mtu mwingine." Niliporudi juma lililofuata nikauliza tena, na Orville akiwapo. Verna akasema, "Bila shaka wale wa Des Moines wana mengi ya kumpa." Orville akatazama dari. Mtoto naye, nilipomwuliza anataka kuishi wapi, alisema, "Popote."

Basi nimeandika taarifa yangu kwa Jaji Brandvold nikipendekeza Des Moines, na nimekwisha kuipeleka. Shauri litasikilizwa tarehe kumi na moja Juni. Nakuambia kweli, wifi, nimewakasirikia wazee wale. Hawakubishana hata kidogo.

Wifi yako,
Clotilde


Tucson, Arizona
13 Mei

Wifi yangu Clotilde,

Salamu zako zimefika, na goti limezipokea vizuri kuliko mimi. Huku jua linachoma tangu asubuhi, na majirani wanapanda miiba kama sisi tunavyopanda maua. Nala vizuri. Ziba lile paa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka na ya pili kwa hasira. Umekosea, na umekosea kama mgeni, ingawa umeishi kwetu miaka thelathini.

Unakumbuka ulipoletwa nyumbani mara ya kwanza? Ulimwuliza mama yetu kama anataka umsaidie kuosha vyombo. Akasema hapana, usijisumbue. Nawe ukaenda ukakaa sebuleni, ukawasha televisheni. Mama aliisimulia habari hiyo mpaka siku ya kufa kwake. Kaka yangu alikutetea akisema kwamba kwenu Louisiana mtu akitaka sahani ya pili huinyoosha tu sahani. Mama alidhani anakusingizia.

Huku kwetu mtu akiulizwa anataka nini, jibu la kwanza ni adabu, na la pili ni adabu vilevile. La tatu ndilo jibu. Wewe umeuliza mara mbili, ukachukua adabu ya watu ukaiandikia jaji kama ndiyo nia yao. Verna Tjaden akikuambia kwamba hapendi kumzuia mtu, amekuambia kwamba moyo wake unapasuka. Na Orville kutazama dari, kwa kiasi chake, ni kelele.

Rudi ukaulize mara ya tatu. Usimkodolee macho. Mwulize mikono yake ikiwa na kazi, ili apate pa kutazama. Kisha unyamaze. Najua kwako hilo ndilo gumu, kwa hiyo kama huna budi, jitafune ulimi.

Wifi yako,
Ardis


Norby
24 Mei

Wifi mpenzi,

Uwe mzima huko kwenye miiba yako. Mimi ni mzima wa mwili, lakini fahari yangu imelazwa.

Nilikwenda. Nilimkuta Verna akisukuma mikate ya viazi, unga mpaka viwikoni. Nikatazama dirishani, nikasema, "Verna, mnataka Delaney aondoke?"

"Wale wa Des Moines wana bwawa la kuogelea."

"Sikuuliza habari za bwawa."

Nikanyamaza. Wifi, sijapata kunyamaza hivyo tangu nizaliwe. Mkate ulisukumwa mpaka ukapita uso wa meza. Kisha akasema, akiuambia ule mkate, "Mwaka jana Orville alipanda miti ya tufaha. Mtu wa umri wake hajipandii tufaha." Akavuta pumzi. "Tuliona si haki kumtaka. Sisi ni wazee, wale ni vijana. Mtu hasimami mbele ya bahati ya mtoto."

"Kwa hiyo mnamtaka."

"Mungu anisamehe," akasema, "tunamtaka."

Akalia kidogo, akajifuta kwa kiwiko, akabaki na unga usoni. Orville aliingia, akatutazama, akatoka kwenda zizini.

Nikamfuata Delaney bandani kwa kuku. Nikamwambia, "Ulisema popote. Popote ni wapi?"

"Popote ni popote, Bibi Clotilde. Hukufundishwa shuleni?"

"Nilifundishwa, nikasahau. Nieleze."

Akamgeuza kuku, akamkagua miguu kana kwamba anataka kumnunua. Kisha akasema, "Niliwasikia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Ulipowauliza, walisema hawatamzuia mtu kunichukua. Sasa mimi nikisema nataka kukaa, na wao hawataki, nitaonekana mjinga, sivyo?"

Nilitaka kumwambia palepale, lakini unajua kanuni yetu: mtetezi hamwahidi mtoto kitu ambacho hakimo mkononi mwake. Gwen naye amekataza kabisa asiambiwe kwa sasa. Anasema Jaji akiamua Des Moines, mtoto atakuwa amepewa nyumba na kunyang'anywa siku moja. Kwa hiyo Delaney anaendelea kula, kusoma na kumkagua kuku wake akiamini kwamba hatakiwi, nami ndiye niliyeuliza lile swali karibu na ngazi.

Taarifa mpya naweza kuiandika, ila lazima nisimame mbele ya Jaji nieleze kwa nini nimegeuka. Na Bwana Prewitt, afisa wa ustawi wa jamii, ameshika neno moja tu. "Mama, huyo mtoto akimaliza shule, wazee hao watakuwa wamefika themanini. Nani atabaki?" Na swali lake ni la haki.

Wifi yako,
Clotilde


Tucson
29 Mei

Clotilde,

Natumaini fahari yako imeruhusiwa kutoka hospitali. Mimi sijambo.

Swali la Prewitt lina jibu, nalo linaishi ng'ambo ya barabara kutoka kwa Tjaden. Ni Lorene, binti yao. Mwombe ajitolee mbele ya mahakama kuwa mlezi iwapo wazee watashindwa. Huyo muulize mara moja tu, maana alisoma Chicago.

Gwen amesema kweli kuhusu mtoto. Ni adhabu, lakini kumwambia na kisha kumkosesha ni adhabu kubwa zaidi. Jambo moja tu ulihakikishe: siku ya shauri, maneno ya kumtaka yatoke vinywani mwa Verna na Orville, na Delaney awe mumo humo mahakamani. Aliwasikia wakikataa kwa masikio yake. Wewe ukimpelekea habari kwamba walimaanisha kinyume, atakuona mtu mzima mwingine anayebembeleza.

Siwezi kukuahidi kwamba wataweza. Jikoni ni jikoni, na mahakamani ni mbele za watu. Orville nilisoma naye darasa moja. Alizungumza mara moja tu, jiko la darasani liliposhika moto, na hata siku hiyo alinyoosha mkono akangoja kuitwa.

Niandikie upesi. Sitalala vizuri mpaka nijue, na ukisema kwa watu kwamba nimesema hivyo, nitakana.

Wifi yako,
Ardis


Norby
12 Juni

Wifi yangu Ardis,

Kwa heshima ya goti lako, kaa kwanza. Je, umekaa?

Lorene alikubali kabla sijamaliza sentensi, na jana alikuja amevaa suti. Delaney alikaa kando yangu, nywele zimesukwa kwa nguvu mpaka nyusi zimepanda. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Utawaambia nini?" Nikamwambia, "Ukweli." Akasema, "Hilo ndilo wanalosema wote."

Nilisimama. Nikasema, "Mheshimiwa Jaji, taarifa yangu ya kwanza ina kosa, na kosa ni langu. Niliwauliza walezi kama wanamtaka mtoto, nikaandika jibu la adabu badala ya jibu lenyewe."

Jaji Brandvold, ambaye ni mtoto wa hukuhuku, akavua miwani. "Uliwauliza mara ngapi?"

"Mara mbili, Mheshimiwa."

"Mara mbili," akasema, kama daktari anayeujua ugonjwa. "Endelea."

Nikaeleza. Bwana Prewitt akasimama akasema habari za umri, na kwa haki akawasifu wale vijana wa Des Moines. Lorene akasema lake. Kisha Jaji akamgeukia Verna, akamwuliza kama wanaomba kumwasili Delaney. Verna akasimama, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili, akasema, "Kama mahakama inaona ni vyema, hatungependa kumsumbua mtu."

Wifi, nilijikanyaga mguu mwenyewe ili nisipige kelele. Delaney alikuwa akitazama sakafu.

"Bi Tjaden," Jaji akasema kwa upole, "sikuulizi mahakama inaonaje."

Verna akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Nikaona kwamba mambo yanakwenda vilevile yalivyokwenda mara ya kwanza, na safari hii sina pa kuyarekebishia.

Ndipo Orville akasimama. Hakunyoosha mkono, na hakuna aliyemwita. "Tunamtaka," akasema. Akafikiri, akaona haitoshi. "Tulimtaka tangu kabla ya theluji. Hata siku anazokuwa mkaidi tunamtaka." Akakaa. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Delaney aliinua uso akamtazama, akaendelea kumtazama.

"Umesikia, Delaney?" Jaji akauliza.

"Nimesikia."

"Nawe unasemaje?"

"Wale wa Des Moines watasikitika?"

"Watasikitika. Lakini wapo watoto wengine wanaotafuta nyumba."

"Waambieni chumba ni kizuri," akasema. "Mimi nataka kukaa kwa hawa."

"Unaelewa kwamba ni wazee?"

"Nimeshakaa na vijana," Delaney akasema. "Vijana wanachoka haraka."

Karani wa mahakama alipatwa na kikohozi. Jaji naye alisoma karatasi tupu kwa muda. Kisha akatoa uamuzi kwamba Delaney abaki kwa Tjaden, waanze taratibu za kumwasili, na Lorene aandikwe kuwa mlezi wa baada yao. Bwana Prewitt alikuwa wa kwanza kumpa Orville mkono, na huo mkono sikuutegemea.

Tulitoka pamoja ukumbini. Verna alikuwa akimwomba radhi kila mtu, hata mlinzi wa mlango. Delaney alikuwa mbele na Orville, nami nyuma yao, nikijifanya natafuta funguo.

"Kwa nini hukusema mapema?" Delaney akamwuliza.

Orville alilifikiria swali hilo mpaka tulipofika mlangoni. "Hukuuliza," akasema.

"Basi nitauliza kila siku."

"Uliza," akasema Orville, akamfungulia mlango.

Wifi yako,
Clotilde