Nimeruka Juu ya Paa la Shemeji

Kwa mke wangu Tuda, huko Mirleft kwa kaka yako.

Mimi mzima, mbuzi pia. Ila huyu mtoto Idder anayenifundisha kuruka na parashuti ya injini amenichosha! Nakimbia ufukweni, injini mgongoni, miguu ikiwa myepesi kidogo tu nakaa kwenye kiti chake cha mikanda, naburuzwa mchangani.

"Mzee Bihi, mbona unakaa? Kimbia mpaka upae!"

Ananifokea mimi, niliyepanda ngamia dume bila hatamu!

Hata wewe uliondoka ukisema mimi ni wa kukaa tu, kazi zote zako. Basi jana nilikimbia, nikapaa peke yangu. Nilikuona juu ya paa unaanika pilipili. Nilipiga kelele urudi, injini ikameza maneno yote. Na shemeji hanifungulii mlango, ndiyo maana nakuandikia.

Rudi, Tuda. Chai nitapika mimi.

Mumeo Bihi, rubani