Waliganduka Bila Mimi

Alhamisi, 17 Julai. Rumonge

Baba tulimpoteza Julai ya mwaka jana, msimu huu huu wa vumbi na upepo. Mwaka umetimia. Jumamosi tunaganduka kule Kabonga: tunafunga kilio, tunavua msiba, tunakula pamoja.

Nimekata sabuni tangu asubuhi. Mawese ya wiki hii mazito, yamegandisha sabuni vizuri. Nimeacha vipande vikikauka kwenye mbao, msaidizi wangu atavigeuza. Imvutano, mavazi yetu ya sherehe, zimetoka kwa fundi, yangu na za mabinti. Nyeupe, pindo la buluu. Alice amekua, ya kwake imebidi iongezwe kitambaa. Benita anaivaa na kuivua tangu mchana, nimemfokea. Wako vakansi, shule zimefungwa, hawana kazi ila kunizunguka miguuni.

Yona amekubali kufunga karakana. Injini za watu zitangoja. Mume wangu huyu kufunga karakana ni kama kumng'oa jino.

Baridi. Watu wa Bururi, wa milimani, watatucheka, lakini sisi wa ziwani upepo wa Julai ukivuma asubuhi tunatafuta sweta. Nimepakia sweta za wote.

Kuna jambo moja naliendea. Baba alipokuwa amelala tu, aliniita. Sadoki, mdogo wangu, alikuwa amekaa pale pale miguuni pa kitanda. Baba akasema: ile michikichi ya kuanzia kisimani hadi njia ya ziwani ni igiseke cha mkubwa, yaani mimi. Igiseke ni kikapu. Kwetu ndilo jina la kipande cha shamba ambacho baba anamkatia binti yake. Hakina karatasi. Kijana mkubwa wa kiume, kwetu Sadoki, anasimama siku ya kuganduka, anakitamka mbele ya ukoo na majirani. Kikitamkwa, hakuna wa kukigusa. Kisipotamkwa, yanabaki maneno ya mgonjwa.

Miche ile niliipanda mimi, mwaka tuliorudi kutoka Tanzania. Sadoki alikuwa mgongoni mwangu. Mama hakuwepo tena.

Sina zaidi. Nataka tu litamkwe.

Ijumaa, 18 Julai

Umeme ulikatika jana mchana. Simu nimeiwasha leo alasiri, baada ya kuichaji kwa jirani mwenye sola. Mesaje ya Sadoki iko ndani: "Kuganduka ejo. Tunawangoja."

Kesho. Kama tulivyopanga. Nimejibu: "Kesho asubuhi tunaanza safari." Hajajibu. Atakuwa anabeba viti.

Nimetia kwenye kikapu sabuni za kumpa kila jirani. Kilo moja ya kahawa. Yona kanyolewa.

Jumamosi, 19 Julai. Kabonga

Tumefika kabla ya saa sita. Barabara imeoza, wasichana wametapika wote wawili, mmoja baada ya mwingine kama wamepangana.

Nyumbani kimya. Nilishtuka. Mabenchi ya kanisa yamepangwa ukutani, makreti ya soda matupu yako kibarazani. Nikadhani yanangoja kupelekwa kubadilishwa na yaliyojaa. Sadoki hayupo, kaenda ziwani. Goreti mkewe alikuwa anachambua maharagwe. Akanikumbatia, akanishika mikono muda mrefu, akasema amahoro, amahoro.

Nikamuuliza Divine, binti yao: kuganduka si leo?

"Oya masenge. Ejo."

Hapana shangazi, kesho. Moyo ukatulia. Wamesogeza mpaka kesho Jumapili, baada ya ibada. Vizuri hata, nimepata nafasi ya kupumzisha mgongo.

Watoto wamekwenda kuoga ziwani pamoja na Divine. Wamerudi midomo ya zambarau, wanatetemeka, wanacheka. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, za kukaanga, ugali wa muhogo. Nimefurahi. Naliandika hili ili nikumbuke kuwa leo nilifurahi.

Jioni nimeomba pasi ya mkaa. Nimepiga pasi imvutano zote tatu juu ya meza ya Goreti. Yeye mwenyewe alinipulizia mkaa.

Jumapili, 20 Julai

Kuganduka kumefanyika Ijumaa.

Naandika tena. Ijumaa. Mimi niko Rumonge, simu iko kwa jirani inakula umeme wa jua, watu wako hapa wanamwaga pombe ya baba yangu.

Asubuhi tulivaa. Tukatoka uani, mimi na mabinti, weupe kama korongo. Yona na koti lake. Sadoki amekaa kwenye kigoda, kaptula ya kazi, anapiga mswaki. Akatutazama. Akatema povu.

"Dada, munaenda harusi gani?"

Nikasema kuganduka. Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chini.

"Kuganduka iliisha, dada. Ku wa gatanu. Si nilikuandikia?"

Nilikuandikia! Hakuandika ku wa gatanu, yaani Ijumaa. Aliandika ejo. Aliandika Alhamisi, ejo yake ni Ijumaa. Niliisoma Ijumaa, ejo yangu ikawa Jumamosi. Nikafika Jumamosi, mtoto akaniambia ejo, nikaona Jumapili, kumbe mtoto anasema jana. Kirundi chetu jana na kesho ni neno moja. Ukitia kitenzi unajua wapi pa kutazama. Usipotia kitenzi unatazama unakotamani. Kirundi nakijua. Lakini nililelewa kambini Tanzania kwa Kiswahili, kule jana ni jana na kesho ni kesho, na kichwa changu bado kinahesabu hivyo.

Haya. Kosa la neno. Ningeweza hata kucheka.

Lakini Ijumaa nilipoandika "kesho asubuhi tunaanza safari", hakuisoma? Anasema simu ilikuwa kwenye koti. Na kabla ya hapo? Watu wamekaa, mkubwa wa nyumba hayupo, mabinti zake hawapo, mume wake hayupo. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua simu, hata usiku nilipokuwa napatikana, kuuliza kama tumepinduka na gari. Kosa la neno linamaliza dakika moja. Kunyamaza siku nzima si neno.

Na Goreti. Aliniacha nipige pasi. Alipuliza mkaa.

Nilipomuuliza, alicheka ule mcheko wa kuficha meno: "Watu ya Rumonge, muko na mapesa, saa tu ndio hamuna."

Mchungaji alikuwa na harusi Jumamosi, ndiyo sababu wakasogeza. Ndivyo Sadoki anavyosema. Sikuuliza igiseke mbele ya watoto. Niliuliza baadaye, peke yetu. Ulikitamka? Akasema: mengi yalitamkwa, dada, ilikuwa siku ndefu.

Benita hataki kuvua imvutano. Amelala nayo.

Jumatatu, 21 Julai

Hasira. Sijui kuandika kitu kingine.

Nimemuuliza Sadoki mara ya pili. Akasema nyavu zimechanika, tutaongea. Mara ya tatu, akasema niulize wazee. Nimeuliza mzee wa jirani, aliyekaa mstari wa mbele. Akanipa pole, akatazama ziwa, akasema chakula kilikuwa kizuri sana.

Chakula!

Na wananitazama. Kisimani wanawake waliacha kuongea nilipofika. Salamu zao fupi. Sielewi. Aliyekosewa ni mimi, mbona macho yao yananidai?

Yona anasema turudi nyumbani kesho. Anasema, Mama Alice, shamba ni shamba, ndugu ni ndugu. Nimemwambia kama ni hivyo ampe ndugu yake karakana. Baadaye amenitengenezea chai. Nimeinywa.

Siondoki.

Jumanne, 22 Julai

Nimeelewa macho yao.

Nimepanda kwa Shangazi Veronika, dada wa baba, ndiye pekee aliyebaki. Alikuwa uani anageuza ndagala kwenye turubai, anatupa takataka moja moja. Sikukaribishwa kiti. Nikachuchumaa, nikaanza kuchambua naye. Tukachambua mpaka alipochoka kunikasirikia.

"Nilisema, huyu mutoto sabuni imemuingia kichwani," akasema. "Baba yake anatolewa kilio, yeye iko nauza."

Nikamweleza yote. Ejo ya Alhamisi, ejo ya Ijumaa, ejo ya Divine. Kwanza hakuamini. Kisha akacheka, akakohoa, akashika goti langu. Kisha akaacha kucheka.

Sadoki mwenyewe alipanda kwake kumwambia. Akasema "ku wa gatanu". Kwa mzee wa jirani, "ku wa gatanu". Kwa mchungaji, kwa wajomba, kwa kila mtu, jina la siku. Ejo ilikuwa ya kwangu peke yangu. Sijui kama alikusudia. Shangazi naye hajui. Anasema kijana akiwa na haraka anaandika chochote.

Sawa. Ejo namsamehe. Naandika hapa, namsamehe.

Lakini hili halisameheki. Siku yenyewe, baada ya maombi, Shangazi alisimama akauliza mbele ya wote: na igiseke cha mukubwa? Ni yeye aliyeuliza, Mungu ambariki na macho yake mabovu. Na Sadoki akajibu:

"Mwenyewe iko wapi? Amekataa kuja kumulilia baba. Tutamutilia kikapu mukono gani?"

Watu walicheka.

Amekataa kuja. Hakusema amechelewa. Hakusema hatujui yuko wapi. Amekataa. Kwetu mtoto asiyeganduka kwa baba yake ni mtoto aliyemlaani. Ndicho wanachokiona kisimani wakinitazama: mwanamke aliyemlaani baba yake kwa ajili ya sabuni. Mimi niliyemgeuza baba kitandani, mimi niliyemlisha uji kwa kijiko mpaka kijiko kikakataa kuingia.

Nilidhani nimenyimwa michikichi. Kumbe nimenyimwa baba.

Shangazi akanisindikiza mpaka njiani. Akasema, usipige kelele. Sadoki ukimupigia kelele anakuwa mutoto, na mutoto hajibu kitu. Muulize kidogo. Muulize pafupi.

Jumatano, 23 Julai

Upepo umelala. Ziwa limekuwa bapa, milima ya Kongo inaonekana vizuri ng'ambo ile, jambo ambalo Julai haliji mara nyingi kwa moshi huu wa mashamba.

Nilishuka ufukweni alfajiri kungoja mtumbwi wa Sadoki. Ukaja. Nikashika upande mmoja wa wavu, yeye upande mwingine, tukauvuta na kuutandaza kama tulivyofanya alipokuwa mdogo. Samaki si wengi. Mwezi ni mkubwa, ndagala hawaji kwenye taa.

Hakuniuliza nimefuata nini. Alijua.

Sikupiga kelele. Nilimwambia najua alichosema Ijumaa. Uso ukabadilika. Akaanza: dada, siku ile watu walikuwa wengi, mambo mengi, nilikuwa na uchungu, kiti chako kitupu nikakiona kila nikigeuka. Nikamwacha amalize. Inawezekana ni kweli. Inawezekana kiti kitupu kilimuuma, akanisema kwa uchungu, kisha akaona aibu kunipigia. Inawezekana pia aliihesabu michikichi akaona bora nisiwepo. Yote mawili yanakaa katika mtu mmoja. Nimemlea, najua anavyokaa.

Sitaki kujua lipi. Nimemwambia hivyo.

Nimemwambia Jumapili watu wanatoka kanisani wale wale, mchungaji yule yule. Asimame mlangoni, aseme mambo mawili. Dada yangu hakukataa kuja, nilimwandikia vibaya. Na michikichi ya kuanzia kisimani hadi njia ya ziwani ni igiseke chake, baba alisema, nilikuwepo. Basi. Asiombe msamaha, asichinje mbuzi. Nitakuwa nimesimama pale na wasichana wangu.

Akasema tutaona, dada.

Nikamwambia hapana. Tutaona si jibu. Wazee si jibu. Nyavu zimechanika si jibu. Leo Yona anarudi Rumonge kufungua karakana, mimi nabaki na watoto, nina sweta na nina muda. Nataka neno moja kutoka kinywani mwake mwenyewe, kesho Alhamisi, saa sita mchana, nikiwa nimekaa uani mwa baba.

Utasema Jumapili, au husemi?