Nondo Niliyemficha Kiganjani

Mpendwa Jerop,

Hapa Kapseret mvua haikatiki, na babu yako bado anakohoa. Shangazi yako anakusalimu.

Unauliza kama nondo uliowaona sandukuni mwako huko chuoni ni wale wanaokula mahindi. Usimwamini anayekuambia kwamba nondo ni nondo tu. Tazama kichwa. Nondo wa nguo ana manyoya mekundu yaliyosimama kama nywele zisizochanwa. Wa mahindi ana kichwa laini, na bawa lake la nyuma limechongoka kama kidole.

Niliyajua hayo nikiwa msichana, nikichambua mahindi kwenye shamba la mzungu karibu na Eldoret. Siku moja mzungu huyo aliona nondo wakiruka ghalani mwa mama yangu, akaogopa wataingia kwenye mahindi yake.

"Choma yote!"

"Bwana, hao wametoka kwenye blanketi kuukuu," mama akasema.

"Kwani mahindi yako inavaa blanketi?"

Wanyapara wakacheka. Mama akanigeukia. "Wewe unawajua. Mwambie."

Nilikuwa nimemshika mmoja kiganjani, mwenye manyoya mekundu. Nilimwogopa yule mzungu, nikafumba mkono. Ghala likachomwa. Njaa iliyofuata sitaisimulia.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Leo nagombana na wahariri wa magazeti, wanasiasa, hata mchungaji, na watu husema simwogopi mtu. Lakini kila nikimaliza kubishana naona mkono wangu umefumbwa, na mama hayupo nimfungulie.

Ni mimi nyanya yako.