Mwisho ya Série Ilifika Yanonge Mbele ya Carte

Lundi, tarehe 4

Nilimukosea Yaya Georgette. Naandika ile kwanza, kisha narudilia kazi ya kiosque yangu ya kuchaji téléphone.

Asubui kama kawaida. Téléphone ya batu imejaa kwa meza, zote zinakunywa courant. Mu groupe yetu ya téléphone, ya barafiki ya masomo, nikatuma picha ya mbuzi yenye kukaa kwa kiti ya kinyozi, kitambaa kwa shingo, inangojea zamu. Bakacheka. Dieudonné, mwalimu, akatuma bazee ya inchi ya baridi benye kuimba kwaya mu theluji, miguu wazi. Yake ilishinda yangu. Inaniuma kila mara.

Kosa yangu ilitokea palepale, ku kupenda kushinda.

Yaya ni dada yangu mukubwa. Mujane. Anakaa Yanonge, kijiji kando ya muto, anakausha samaki ku moto. Kule connexion ya internet ni ya kuomba Mungu. Donc kila juma namutilia épisode ya série, filme ya vipande-vipande, mu carte mémoire ya téléphone, na Fiston anaipeleka na baleinière yake, bateau ya mbao. Yaya anaangalia peke yake, juu série inasema kifaransa, na bamama ya kijiji habasikie ile luga. Mangaribi bamama banakuja kwa moto yake, anabaelezea yote: sauti ya mubaya, sauti ya muzuri, kilio, mpaka mulango kufungwa. Bao banamugeuzia samaki, banamubebea kuni, juu muguu yake moya haina tena nguvu. Hakuna mwenye kuita ile musaada. Banakuja kusikiliza, basi.

Ni série ya dada mbili. Mukubwa amefungwa gereza juu ya kosa ya mudogo. Atamusamehe ao hapana? Yanonge muzima inangojea.

Juma yenye kupita nikaona mwisho ku internet, page moya imeandika yote. Nikafanya vocal, ujumbe ya sauti, nikaituma mu groupe. Na sauti za kuigiza, bila haya. Nikasema dada mukubwa anafia mu gereza, hasamehe mutu. Groupe ikawaka. Dieudonné mwenyewe: "Médard, leo umetuua!" Nilikuwa na furaha kama mutoto mwenye kupewa beignet ya sukari.

Fiston iko mu groupe. Alitia vocal yangu mu haut-parleur, kipaza sauti ya bateau, kutoka port mpaka Yanonge. Jana alirudi, anacheka. "Vieux, umekuwa nyota ya muto! Batu balilia. Balisema nirudilie."

Balishuka na mwisho mu kinywa. Carte ikashuka nyuma yao, kama maiti.

Fiston hakuwaza Yaya. Mi pia hapana.

Mardi, tarehe 5

Fiston alisahau kunipa kifurushi. Amenipa leo. Kipande ya jani ya ndizi kavu, imefungwa na kamba. Ndani: carte mémoire. Yaya ameirudisha. Na vocal yake moya, mufupi, Fiston alimuchukulia ku téléphone yake:

"Mudogo yangu, ulipakua mbele chungu haijaiva. Basi kula peke yako. Usinitumie tena."

Hakupandisha sauti. Afazali angepandisha.

Nimefuta vocal yangu mu groupe. Kazi bure. Batu bote banayo tayari.

Jeudi, tarehe 7

Nimemuita mara mingi ku téléphone. Haitiki. Nikaita jirani yake, akasema Yaya iko muzima, asante Mungu, na akakata.

Leo sikutuma kitu mu groupe. Bakauliza kama niko mugonjwa.

Samedi, tarehe 9

Fiston amerudi. Leo hacheki. Amesema kwa moto ya Yaya hakuna mutu. Bamama banapita, banasalimia, banaenda. Bao si babaya. Kila mutu na kazi yake, na hadizi imeisha, banakuja kufanya nini? Yaya anasukuma kiti, anaegemea, anageuza samaki, anasukuma tena. Upande moya ya samaki imeungua.

"Nilimwambia nimusaidie," Fiston akasema. "Akaniambia: wewe, haut-parleur, pita."

Tulicheka kidogo.

Mama ya bana yangu amenisikiliza, akasema tu: "Na wewe unangojea nini?" Naogopa uso ya Yaya. Ndiyo ile. Niko mutu muzima, mvi kwa kichwa, naogopa dada yangu.

Dimanche, tarehe 10

Kisha misa Dieudonné amepasua bomu mu groupe. Ile page yangu ni ya uongo. Mwenye page anajitungia mwisho ya série zote, na kwake batu bote banakufa. Ametuma mifano: bibi-arusi amekufa, docteur amekufa, hata farasi amekufa. Na épisode za mwisho za dada mbili hazikuwa zimetoka hata! Nilieleza mwisho ya kitu yenye haijaisha.

Groupe imenipasua. "Médard, farasi yako iko wapi?" "Tumuzike Médard, page imesema!" Moya ametuma mbuzi yangu ya kinyozi, akaandika: huyu hapa journaliste yetu.

Nilisikia haya mpaka ku masikio. Kisha, polepole, furaha. Mwisho ni ya uongo! Donc mwisho ingali nzima. Hadizi ya Yaya haikufa. Nilisimama nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikasoma tena.

Mardi, tarehe 12

Mutu mwenye kuniletea mafilme ameleta épisode za mwisho. Ziko mu ordinateur ya kiosque tangu asubui. Sijafungua.

Naandika ukweli: mukono ilienda mara mbili. Ningeangalia dakika kidogo tu. Ningefanya vocal, ningesema mwisho ya kweli, groupe ingefunga kinywa. Dieudonné angekula lituma yake, ndizi ya kutwanga, bila samaki.

Na jioni ileile haut-parleur ya Fiston ingepeleka yote Yanonge.

Nikafunga ordinateur. Nikaendelea kuchaji téléphone ya batu.

Kisha nikamuita Dieudonné. Nikamuomba, akijua mwisho, asiseme. Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe Médard unaomba batu banyamaze?" Nikamuelezea habari ya Yaya, ya kiti, ya samaki yenye kuungua. Akaacha kucheka. "Yaya Georgette alitupikiaka lituma wakati ya masomo," akasema. "Sawa. Lakini mu groupe nitaendelea kukuchekelea." Nikamwambia aendelee.

Fiston naye ameapa. Atafunga haut-parleur na kinywa. Ya kinywa, tutaona.

Jeudi, tarehe 14

Siku nzuri. Mvua ilinyesha kidogo, ikaacha. Kiosque ilijaa. Mu groupe banasema tu mambo ya farasi yangu. Leo bamemupa jina na kazi, ni ministre. Nilicheka peke yangu mbele ya bakiliya ya kiosque. Dieudonné ametuma samaki mwenye kutembea kwa matope na mapezi yake. Muzuri sana. Imenishinda, na haikuniuma. Ao iliniuma kidogo tu.

Jioni nimechukua carte ileile, yenye ilirudi mu jani ya ndizi. Nimetia épisode za mwisho. Zote. Sikuangalia hata picha ya mbele. Nimeifunga tena mu jani yake, na kamba yake.

Samedi napanda bateau ya Fiston. Yaya akinifukuza, nitakaa kwa njia mpaka achoke. Nitamupa carte, aangalie peke yake, kama kawaida. Na dimanche, tarehe 17, kisha misa, nitapita nyumba kwa nyumba kuita bamama mimi mwenyewe. Mangaribi, mbele yao bote, nitasema: ni mi mwenye nilibadanganya, mwisho haiko ile. Kisha nitanyamaza, nitashika kuni, nitageuza samaki pande zote mbili.

Yaya atasema hadizi. Nitasikia mwisho pamoja na bengine.