Sauti ya Dada Anatolia

Jumanne

Nimechukizwa mpaka chakula hakipiti. Fundi wa Nyakahura nilimweleza polepole: kompyuta ya zamani imekufa, hii mpya ni tupu, simu ndiyo imejaa. Ukiziunganisha, nakili kutoka simu kwenda kompyuta, usigeuze.

"Sawa, mwalimu," akasema, huku akitaniana na muuza mitumba. Akageuza. Simu ikaifuata kompyuta, ikawa tupu.

Programu ya kurekodi imerudi, lakini ndani hamna kitu. Humo alikuwamo dada yangu Anatolia, akiwasifu ng'ombe wa baba kwa Kihangaza, mmoja mmoja kwa jina lake.

"Usikasirike, mzee wangu," akasema fundi nilipomweleza. "Si atarekodi tena?"

Nikamjibu kwamba tulimzika kule Kanazi, msimu huu wa maharage.

Ndipo akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.